Shija, Nimelifungua Taya la Kulwa

Shija, rafiki yangu,

Mama yako amenituma kwako. Amenipa neno moja nikuletee, na kwa kuwa njia ya kukufikia siijui, nimekaa hapa barazani kwangu Majengo na karatasi na kalamu. Neno lenyewe nitakupa mwishoni. Nakujua. Nikikupa sasa hivi utaanza kucheka na kupiga meza, na habari yenyewe hutaisikia. Kwa hiyo, mara moja tu katika maisha yetu, nyamaza mpaka nimalize.

Kulwa kaka yako alivunjika taya.

Yuko hai, usianze. Alikuwa analima na ng'ombe kule kwenye mashamba ya mpunga ya Majimoto, dume mmoja akagoma, akainua kichwa kwa ghafla na nira ikampata Kulwa chini ya sikio la kushoto. Walikuja hospitalini wamepanda mshikaki kwenye pikipiki moja: Doto anaendesha, Kulwa katikati, na mama yako nyuma, mkono umemshika mgonjwa kiunoni. Kulwa alikuwa amefungwa kitenge kutoka kidevuni hadi utosini, kimelowa mate na damu. Nilikuwa natoka kwenye chumba cha meno. Nikawaona wale mapacha wawili wanashuka, na unajua wote wawili walivyo na sura yako, wamekutangulia kuzaliwa lakini ni kama wewe ndiye uliyewapa. Nikaita machela.

Tangu ulipoanguka nyumbani ukijiandaa kuja kazini, na presha ikakuchukua kabla hatujakufikisha wodini, mataya yanaletwa kwangu peke yangu. Ya bodaboda, ya ugomvi wa vilabuni, ya walioanguka kwenye miembe. Ndala zako za chumba cha upasuaji bado ziko mlangoni, na mhudumu akifagia anazisogeza, anafagia, anazirudisha. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Lakini kinachonitesa zaidi si ndala. Kinachonitesa ni kwamba hakuna mtu wa kunibishia. Nikisema jambo, wananijibu, "Sawa dokta." Nikisema kinyume chake, "Sawa dokta." Naichukia hiyo sawa dokta kuliko ninavyoweza kukuelezea.

Wewe hukuwahi kuniambia sawa hata siku moja. Siku ya kwanza kabisa nilipofika kazini, nilikuambia kwamba ng'ombe wa ukoo wenu walikula mpunga wa baba yangu nilipokuwa darasa la tatu, ukasema hao ng'ombe walikuwa na akili, walijua mpunga wa Wapimbwe ni mtamu. Siku ya pili tukaanza ugomvi wa pleti, vile vibati vya chuma vya kushikilia mfupa uliovunjika, na ugomvi huo haukuisha mpaka tulipokuzika.

Nadhani unaukumbuka vizuri kuliko mimi. Taya linapovunjika kule nyuma, kwenye kona chini ya sikio, mimi nasema weka pleti ndogo moja tu, juu, kwenye ukingo wa mfupa nyuma ya gego la mwisho. Unapitia mdomoni, unafunua nyama kidogo, skrubu nne, unafunga. Mtu akiuma, nguvu inavuta pale juu, na pleti iko pale pale pa kuizuia. Mfupa unabaki na nyama yake na damu yake, na unapona. Wewe ulisema hapana, moja ni ya juu na moja ya chini, pleti mbili, hata kama ni lazima utoboe tundu dogo shavuni ili drili ifike. Ulisema pleti moja ni mlango wenye bawaba moja. Mimi nikakujibu kwamba mlango hautungi usaha. Pleti nene ya chini kabisa, ile ya kuchana ngozi ya shingo, wote wawili tuliiogopa kwa sababu ya ule mshipa wa fahamu unaoinua mdomo. Na waya wa kufunga meno ya juu na ya chini kwa majuma tuliuacha kwa wasio na namna nyingine, maana mtu anarudi porini na mifugo, akitapika huko nani atamkatia? Hayo mawili tulikubaliana. Mengine yote tulipigana.

Kila mmoja alikuwa na fimbo yake ya kumchapia mwenzake. Ya kwako ilikuwa yule mchungaji kijana niliyemwekea pleti moja, akarudi imekatika katikati. Nilimuuliza amekula nini. Uji tu, akaapa. Ugali? Hapana. Nyama? Hapana, uji tu, dokta. Nami nikamwamini, nikaanza kuilaumu pleti, nikailaumu drili. Ukaingia wewe, hukuuliza kitu, ukatia mkono kwenye mfuko wa koti lake ukatoa konzi ya michembe. Vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani mpaka vikawa kama vigae! Yule kijana akatushangaa, akasema, "Lakini hiyo siyo chakula." Kwenu mtu anatembea na ng'ombe kutwa nzima huku anatafuna, na jioni akiulizwa atasema hajala kitu tangu asubuhi, na atakuwa mkweli. Tangu hapo ukawa unanisalimia "Pleti Moja" mbele ya wagonjwa. Ukasema, "Hawa ni watu wa kutafuna, Filomena. Wawekee kitu kitakachotafuna nao."

Na mimi nikawa na fimbo yangu, yule mama mkulima wa maharage wa Mishamo. Pleti mbili, kazi nzuri, picha ya kupendeza, uliizungusha hospitali nzima kama picha ya harusi. Akarudi shavu limevimba, usaha unatoka kwenye lile tundu ulilolitoboa, tukamfungua tena na kutoa pleti ya chini. Sikukuchapa siku hiyo. Nilisubiri kesho yake.

Basi ndiyo hali niliyokuwa nayo Kulwa alipoketi kwenye kiti changu. Picha ikaonyesha ufa mmoja, kona ya kushoto, unapita kwenye mzizi wa gego la mwisho. Taya lako, Shija. Ile ile kona pana uliyokuwa unaikuna ukiwaza. Nilitaka kumpeleka Mbeya. Nakwambia wewe kwa sababu nyumbani sijamwambia mtu: nilitaka kumpeleka Mbeya si kwa kuwa siwezi, ila likiharibika lisiharibikie mkononi mwangu, kwa mama aliyekwisha kumzika mmoja.

Mama yako alikataa. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya wodi, miguu imenyooka, mtandio begani, na hakuniangalia usoni. "Shija alikuwa anafanyia hapa hapa. Mfanyie hapa." Nikasema sawa. Halafu akasema, "Na Shija alikuwa anaweka vyuma viwili. Muwekee viwili."

Nikamweleza taratibu, nikamwita Mayu kama ulivyokuwa unamwita. Nikamwambia kwamba mwanawe alikuwa daktari mzuri lakini jambo hili kila mtu ana njia yake, na Kulwa anavuta tumbaku, na nikifunua nyama nyingi ili kuweka cha pili usaha unaweza kuingia, na kwa mfupa wa namna hii mimi naona kimoja kinatosha. Akasikiliza yote. "Viwili," akasema.

Nilichoka. Nilikuwa sijala tangu chai, na Kulwa alikuwa anaugulia ndani. Nikasema, "Sawa Mayu."

Hapo ndipo aliponigeukia. Sijawahi kuona uso wa hasira namna ile kwa mtu aliyekaa kimya. Akasema, "Wewe usiniambie sawa. Shija alikuja nyumbani kila sikukuu, habari yake ni moja: kuna dada Mpimbwe ananibishia. Mpaka chakula kinapoa. Leo nimekuja mimi, nasema neno la mwanangu, halafu unaniitikia kama mgeni? Nibishie!"

Shija, nilikaa chini pale pale kwenye benchi, na nikambishia. Nilimbishia mama yako kama nilivyokuwa nakubishia wewe, kwa vidole na kwa sauti, mpaka watu waliokuja kutazama wagonjwa wakageuka. Nilimwambia kuhusu yule mama wa Mishamo. Akaniambia kuhusu michembe. Anajua kisa chote, wewe mbea. Nikamwambia pleti mbili ni woga wa mwanaume asiyeamini mfupa. Akacheka, akashika mdomo, akalia, kisha akajifuta na ule mtandio. Tulilia wote wawili na hatukuafikiana hata kidogo. Mwishoni aliinuka akakung'uta nguo, akasema, "Basi ingieni. Mbishane huko huko ndani, nyie wawili."

Nyie wawili. Niliingia chumba cha upasuaji na maneno hayo, na nikazipita ndala zako bila kuziangalia.

Kabla ya hapo nilimwita Doto. Utalipenda hili. Nilimkalisha kwenye kiti, nikamwambia afungue mdomo, aume, afungue, aume. Akaniuliza kwani na yeye amevunjika? Nikamwambia nataka kujua Kulwa alikuwa anaumaje. Na kweli, Doto ana kasoro ambayo hata yeye alikuwa haijui: meno yake ya chini yanakwenda kushoto kidogo, na ya mbele yanakutana ncha kwa ncha. Nisingemwona, ningemlazimisha Kulwa aume katikati kama picha ya kwenye kitabu, na asingeuma sawasawa tena maishani. Nikamuuliza Doto kama na wewe ulikuwa unauma hivyo. Akasema ndiyo, wote watatu. Sikujua. Nimekuangalia ukicheka miaka yote hiyo na sikujua.

Kulwa akalala usingizi wa dawa. Nikamfunga meno kwa waya wa muda, ya chini kushoto kidogo, ncha kwa ncha, kama ya Doto. Nikachana ufizi nyuma. Gego la mwisho lilikuwa linacheza ndani ya ufa, ilibidi litoke, na lilipotoka likatoka na kipande cha mfupa wa juu. Nikakiinua kwenye taa kile kipande kilichoshika kwenye mzizi, maana pale ndipo pleti yangu inapokaa. Ule ukingo ninaokubishia kila siku kwamba unatosha, nusu yake ilikuwa kwenye koleo.

Nikaweka pleti moja. Ndiyo, niliweka, mimi si mtu wa kukata tamaa kwa kipande cha mfupa. Niliikunja ikae vizuri, nikaisogeza nyuma ipate mfupa mzima, skrubu nne zikakaza. Juu palikuwa pazuri kabisa. Nikafungua waya wa muda, nikafanya kile ulichokuwa unanifanyia kwa makusudi kila nilipojisifu: nikaweka kidole gumba kidevuni mwa kaka yako na nikabonyeza.

Chini pakafunguka.

Si sana. Upana wa ukucha. Nikaachia, pakajifunga. Nikabonyeza, pakafunguka. Mtaalamu wa usingizi akaniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia bado. Nilikuwa nakusikia, Shija, si mzimu wala nini, ni mazoea tu ya sikio: "Umeona linavyopumua?" Nilikuchukia. Nilikuwa na Kulwa kifua kinapanda na kushuka, na machaguo mawili, na yote mabaya. Nikiacha moja, akirudi kwenye jembe na tumbaku yake, mfupa utacheza na hautaunga. Nikiongeza ya pili, nifunue nyama mpaka chini, nitoboe shavu, na usaha ukiingia nitakuwa nimeualika mwenyewe, kwa kuwa nilitaka kumfurahisha mama. Hilo ndilo lililoniogopesha kuliko yote. Sikujua kama ninausikiliza mfupa au nakusikiliza wewe.

Nikabonyeza tena, safari hii nimefumba macho, kidole tu. Na kidole kilisikia kile kile.

Nikasema kwa sauti, "Haya." Mtaalamu wa usingizi akauliza, "Unasema na mimi?" Nikamwambia hapana, ninasema na mtu mwingine. Akarudi kwenye mashine yake. Na yeye alikujua.

Nikaomba ule mrija wako wa kupitishia drili shavuni, uliokuwa unauficha nyuma ya kabati ili nisiutupe. Nikaweka pleti ya chini, skrubu moja baada ya nyingine. Nikabonyeza. Chini pakakaa kimya. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi ya inavyoruhusiwa, pakakaa kimya. Nikaosha, nikaosha tena, nikashona, nikatoka nje na kumwambia mama yako viwili, akaitikia kwa kichwa tu.

Unadhani hapo nilipumzika? Hapo ndipo hofu ilipoanza vizuri. Nilimfundisha Kulwa kila kitu kabla hajaruhusiwa. Uji, maziwa, mchuzi, asukutue maji ya chumvi kila akila. Asivute. Ugali hapana, mua hapana, mahindi ya kuchoma hapana. Halafu nikamwangalia machoni, kwa heshima yako, nikasema, "Na michembe usitafune." Akatikisa kichwa kwa adabu. "Sitatafuna, dokta." Doto akashuhudia.

Wakarudi Majimoto, nami nikabaki na ile picha kichwani. Kila pikipiki iliyoingia getini na mtu aliyejifunga kitambaa ilinikausha mate. Nilikwenda misa, nikashindwa kusali chochote isipokuwa tundu la shavuni. Nilianza kuota yule mama wa Mishamo, ila ana sura yako. Ikawa mtu akiniambia sawa dokta, namfokea, maskini, hajui kosa lake.

Siku ya kurudi kuangaliwa ikafika. Nilikuwa uani, nje ya chumba cha meno, nanawa mikono pale bombani, nikawaona wanaingia getini kwa miguu. Mama yako mbele. Doto. Na Kulwa nyuma yao, shavu limevimba.

Limevimba, Shija, duara kabisa, linang'aa kwa jua. Sijui nilifunga bomba au niliacha. Nakumbuka nilisema tu "Mungu wangu" na nikaanza kupanga kichwani, nifungue leo, nitoe ya chini, dawa gani ipo na ipi haipo, na nimwambieje yule mama anayekuja na tabasamu hivi. Nikaenda nusu natembea nusu nakimbia. Nikamshika Kulwa kidevu bila hata salamu, nikasema fungua.

Akaingiza vidole mdomoni, akatoa kipande cha michembe, kimelowa, laini kama mkate kwenye chai. Akakishika mkononi kwa heshima, asijue akiweke wapi. Akasema, "Sitafuni, dokta. Nailoweka tu."

Shavu likarudi mahali pake. Na lilikuwa shavu la kulia. Taya lililovunjika ni la kushoto. Hofu haijui kushoto wala kulia. Doto akaangalia pembeni, ndipo nikajua mfuko uliotoa hicho kipande ulikuwa wa nani. Nilimgombeza Kulwa, nikamgombeza Doto, nikamgombeza mama yako aliyevianika hivyo viazi, na wote watatu walisimama wananisikiliza kama watoto wa shule, mpaka nikagundua ninacheka na siwezi kuacha.

Ndani nilimwangalia kwa makini. Ufizi umefunga. Tundu la shavuni limebaki kovu dogo kama la tetekuwanga. Mdomo wa chini bado una ganzi kidogo upande ule, lakini anasema unaanza kuwasha, na unajua kuwasha ni habari njema. Nikabonyeza kidevu. Kimya. Nikamwambia aume. Magego yakakutana, ya chini yakaenda kushoto kidogo, ya mbele ncha kwa ncha. Nikamwita Doto akae kando yake, wakauma pamoja. Nikasikia ule mlio wa meno mawili mawili yakigongana, na nikatoka nje nikasimama kidogo peke yangu.

Mama yako alinifuata. Alinipa mfuko wa michembe. Akasema, "Hii ya kwako, wewe taya lako zima." Halafu akaniuliza, "Sasa, kule ndani, nani alishinda?"

Ningeweza kumwambia ni gego ndilo lililoharibu ukingo, na kama si lile gego moja ingetosha, na huo ni ukweli na bado nausimamia. Lakini alikuwa ananiangalia kwa macho yako.

"Shija," nikasema.

Akainamisha kichwa. Akakunja na kukunjua ncha ya mtandio. Kisha akaniambia neno alilonituma. Akasema, "Mwambie."

Basi, nakwambia. Kwa taya la Kulwa, ilikuwa mbili. Ulikuwa sahihi na mimi sikuwa sahihi, na nimeliandika kwa wino. Cheka sasa. Piga meza yako huko uliko, kama wana meza.

Nakuaga, rafiki yangu. Na nakuahidi hili: sitaweka pleti ya pili kwa kukukumbuka tu, na sitaiacha kwa ubishi tu. Kila taya nitalibonyeza kwanza, kwa kidole chako. Lakini linalokuja, Shija, ujiandae, maana naanza na moja. Na safari hii nakuomba, popote ulipo, usiniambie sawa.

Ni mimi,
Filomena, yule dada Mpimbwe